Tukiiga, Tuige Nini?

Kongamano la ubunifu chuoni haliishi bila mtu kusimama na kusema tujifunze kutoka Korea au Singapore. Sawa, lakini tujifunze nini? Mara nyingi kinachoigwa ni jengo: ukumbi wenye viti vya rangi, intaneti ya bure na bango kubwa mlangoni.

Wataiwani hawakuanzia hapo. Mwaka 1973, mwaka uleule Tanzania ilipoanzisha SIDO, wao walianzisha taasisi ya utafiti wa viwanda, ITRI. Wakati huo viwanda vyao viliunganisha vifaa vya umeme kwa ajili ya kampuni za nje. Mwaka 1976 ITRI ikaingia mkataba na RCA ya Marekani ili kupata teknolojia ya kutengeneza chipu. Teknolojia yenyewe haikuwa mpya sana. Utamu ulikuwa kwingine: wahandisi vijana walipelekwa Marekani kujifunza ndani ya viwanda vya RCA, na waliporudi walikuta kazi inawasubiri, kiwanda kidogo cha majaribio palepale ITRI. Wakaanza na chipu za saa za kielektroniki. Kitu kidogo, ila kina wateja.

Kisha ikaja hatua ambayo sisi tungeiona hasara. ITRI iliwaachia watu wake. Mwaka 1980 ikazaliwa kampuni ya UMC, ikiwa na teknolojia na wahandisi kutoka humo. Mwaka 1987 ikafuata TSMC ya Morris Chang, Philips ya Uholanzi ikiwa mbia. Leo chipu za iPhone hutengenezwa na TSMC.

Hicho ndicho wachumi wanachokiita mfumo wa taifa wa ubunifu, jina ambalo Mwingereza Christopher Freeman alilitumia katika kitabu chake cha 1987 kuhusu Japani. Kwa lugha ya kawaida: vyuo, viwanda, serikali na wenye mitaji wanapeana watu, pesa na matatizo ya kutatua.

Sisemi tunakili kila kitu. Taiwan iliishi chini ya sheria ya kijeshi hadi 1987, na hilo hakuna anayelitamani. Lakini taasisi hata sisi tunazo: TIRDO tangu 1979, COSTECH kwa sheria ya 1986, CAMARTEC na TEMDO kule Arusha. Tunachokosa ni watu kupita kati yake na viwanda, na huo upungufu unaanzia kwetu. Fildi ya wiki nane, mwanafunzi anapanga mafaili, anasainiwa logibuku, anarudi na alama zake. Projekti ya mwaka wa mwisho inachaguliwa kwa kuangalia za kaka zetu waliotangulia, halafu inalala kabatini.

Serikali ya wanafunzi inaweza kuanza na ombi moja tu kwa vitivo: kabla hatujapangiwa mada za projekti, viwanda na karakana za jirani viulizwe ni mashine gani inawasumbua, na orodha hiyo ibandikwe ubaoni tuchague humo.