Thaddeus Stevens, avoka wa Gettysburg aliyekataa masomo ya bure yafutwe

Tarehe 11 mwezi wa nne 1835, katika mji wa Harrisburg, makao makuu ya jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mbunge mmoja wa jimbo alisimama kutetea sheria ambayo wengi walikuwa wamekwisha kuihesabu kama imekufa. Sheria hiyo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Iliweka shule za bure kwa watoto wote, pamoja na kodi ya kuzilipia. Senati ya jimbo ilikuwa imekwisha kupiga kura ili ifutwe. Raia karibu 32,000 walikuwa wameweka saini kwenye barua za kuomba ifutwe. Wabunge wengi walioiunga mkono walikuwa wamepoteza viti vyao kwenye uchaguzi wa 1834.

Mbunge huyo ni Thaddeus Stevens, avoka kutoka mji mdogo wa Gettysburg. Alikuwa na miaka 43, hakuwa na mke wala mtoto, na alitembea kwa kuchechemea.

Watu wengi wanaomjua leo wanamjua juu ya kazi aliyofanya baadaye Washington, alipopigana na utumwa. Wengine walimuona kwenye filamu Lincoln ya 2012, ambamo Tommy Lee Jones alicheza nafasi yake. Lakini yeye mwenyewe, akiwa mzee, alisema kwamba katika yote aliyoyafanya hakuna lililompa furaha kama ile kazi ya shule. Na ile ilikuwa kazi ya mbunge wa jimbo. Kwetu, ambako kazi za bunge za jimbo la Kivu ya Kaskazini na la Ituri zilisimamishwa tangu état de siège ya mwezi wa tano 2021, si vibaya kukumbuka mbunge wa namna hiyo anaweza kufanya nini.

Stevens alizaliwa tarehe 4 mwezi wa nne 1792 huko Danville, katika jimbo la Vermont, mguu wake mmoja ukiwa umepinda. Wakati ule watu wengi waliona kilema cha mtoto kama adhabu kutoka kwa Mungu, na watoto wenzake walimcheka. Baba yake aliacha familia, na mama yake, Sarah, akabaki na watoto wanne wa kiume. Aliona kwamba huyu hataweza kulima na mguu ule, basi akaamua kumsomesha. Familia ilihamia Peacham kwa sababu kulikuwa na shule nzuri. Mama alifanya kazi usiku na mchana, na mwaka wa 1814 kijana alimaliza masomo yake ya juu kwenye chuo cha Dartmouth. Alipopata pesa, kitu kimoja alichojivunia ni kumnunulia mama yake shamba.

Uavoka haukuanza vizuri. Huko York, Pennsylvania, alikuwa mwalimu mchana na kusoma sheria nje ya saa za kazi. Maavoka wa pale waliweka kanuni kwamba mtu aliyesoma sheria huku akifanya kazi nyingine hapokelewi. Stevens alipanda farasi, akavuka mpaka hadi Bel Air katika jimbo la Maryland, akafanya mtihani kule mwaka wa 1816. Alisimulia baadaye kwamba chupa za divai ya Madeira juu ya meza ya waliomuuliza zilisaidia sana. Kisha akarudi Pennsylvania na kufungua ofisi Gettysburg, mji mdogo uliozungukwa na mashamba, ambako hakuna aliyemjua. Mwaka uliofuata alimtetea mtu aliyeshitakiwa kwa kuua, akisema mteja wake hakuwa na akili timamu. Wakati ule hoja hiyo ilikuwa ngeni. Mteja alinyongwa, lakini jina la avoka lilienea. Kisha kazi zikaja: mashamba, madeni, urithi. Miaka haikuwa mingi, akawa mmoja wa watu wenye mali nyingi zaidi pale mjini.

Hapa kuna jambo ambalo wanaompenda hupita juu yake haraka. Mwaka wa 1821, mbele ya mahakama kuu ya Pennsylvania, Stevens alisimama upande wa mwenye watumwa. Mwanamke mweusi, Charity Butler, alikuwa ameomba uhuru wake na wa watoto wake. Sheria ya Pennsylvania ilisema mtumwa aliyekaa ndani ya jimbo miezi sita anakuwa huru. Charity alikuwa ameingia na kutoka mara nyingi pamoja na watu aliowatumikia, na ukijumlisha siku zote, miezi sita ilipita. Stevens alijibu kwamba miezi sita lazima iwe mfululizo. Mahakama ilimkubalia. Charity na watoto wake walirudishwa utumwani Maryland, na avoka alilipwa.

Hakuacha maandishi ya kueleza namna alivyolala usiku ule. Tunachokiona ni kwamba baada ya kesi hiyo alianza kuonekana upande mwingine. Alitetea watu waliotoroka utumwa, na kwenye karamu moja ya mwaka wa 1823 aliinua kikombe hadharani akitakia kwamba rais atakayefuata awe mtu ambaye hajawahi kumfunga mtumwa minyororo. Kuna wanaosema alibadilika juu ya Charity Butler. Inawezekana. Lakini mtu anaweza pia kusema kwamba avoka kijana alichukua kesi iliyolipa na akafikiri baadaye.

Kwenye siasa aliingia kwa mlango ambao leo unashangaza: chama kilichoundwa kupinga Wafrimasoni. Stevens aliamini kwamba jamii za siri zinawapa wakubwa nafasi ya kugawana kazi na hukumu wakiwa peke yao, nyuma ya mlango uliofungwa. Mwaka wa 1833 wakaaji wa Adams, wilaya ya Gettysburg, walimtuma kwenye bunge la jimbo. Mdomo wake ulikuwa mkali, na gavana George Wolf, aliyekuwa Mfrimasoni, aliusikia zaidi ya wote.

Ili kuelewa vita ya shule, lazima kujua sheria iliyokuwapo mbele, ya 1809. Nayo ilisema mtoto wa maskini anaweza kusoma bure. Lakini mzazi lazima ajulishe mkaguzi wa kodi kwamba yeye ni maskini, na jina lake liandikwe kwenye orodha. Wazazi wengi waliona ni heri mtoto abaki nyumbani. Waliokubali, watoto wao waliketi darasani huku kila mtu akijua ni wa orodha.

Sheria ya 1834 iliondoa orodha. Shule moja kwa wote, kodi kwa wote. Hapo ndipo hasira ilipowaka. Wenye mashamba makubwa waliuliza kwa nini walipe masomo ya watoto wa jirani. Wakulima wenye asili ya Kijerumani, ambao makanisa yao yalikuwa na shule zao, waliogopa kupoteza lugha na dini. Na wazee wasio na watoto waliuliza hiyo kodi inawahusu nini.

Maswali hayo si mageni kwetu. Katiba yetu ya 2006, kwenye kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Ilibidi kungoja mwezi wa tisa 2019 ndipo gratuité ianze kweli. Mbele ya hapo, wazazi wa Bukavu, Uvira ao Goma walijua ni nini kuona mtoto anarudishwa nyumbani asubuhi juu ya prime ya mwalimu. Baada ya hapo tumeona madarasa yenye watoto wengi mno na walimu wasiolipwa wakigoma. Pennsylvania pia ilijifunza kwamba kuandika neno bure ni rahisi, kazi ngumu ni kukubaliana nani atalipa.

Stevens alijua wapiga kura wake wa Adams wengi walitaka sheria ifutwe. Alisimama na kusema kinyume chao. Kwa yule asiye na mtoto alijibu kwamba analipa pia kodi ya mahakama na ya gereza, ingawa hajawahi kushitakiwa wala kufungwa, na halalamiki. Basi kwa nini analia juu ya shule, ambayo inapunguza kazi ya gereza? Mwenyewe hakuwa na mtoto, na kila mtu ukumbini alijua hilo. Kwa wale waliotaka kurudi kwenye orodha ya 1809, alisema wanataka kuwapiga maskini chapa ili watambulikane mbele ya matajiri. Aliwauliza wenzake kama akili za jimbo zinapatikana tu kwenye nyumba za wenye pesa. Kisha akafanya jambo ambalo hawakulingojea: alimsifu hadharani gavana Wolf, adui yake, kwa sababu Wolf alisimama imara juu ya shule.

Wabunge walipiga kura na wengi wakamfuata. Senati nayo ikageuka. Sheria ilibaki, tena yenye nguvu zaidi kuliko mbele. Hotuba ilichapishwa na kutawanywa katika jimbo lote, na wanawake wa mji wa Reading wakamletea moja iliyochapishwa juu ya kitambaa cha hariri. Katika uchaguzi wa mwaka ule wa 1835 Wolf alianguka. Stevens alirudi bungeni.

Asifikiriwe kuwa mtakatifu. Alicheza siasa kama wengine, na mara nyingine vibaya zaidi. Baada ya uchaguzi wa 1838, uliojaa mashitaka ya wizi wa kura, pande mbili zilidai kila moja kuwa na wengi, na kwa siku fulani Pennsylvania ilikuwa na mabunge mawili, kila moja na spika wake. Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo zaidi. Umati wenye hasira ulipojaa ukumbini mwa senati, Stevens na wenzake wawili walitoroka kwa kuruka dirishani. Alikuwa na miaka 46 na mguu ule ule. Upande wake ulishindwa, na mwaka wa 1839 wapinzani walitangaza kiti chake kiko wazi. Wakaaji wa Adams walimchagua tena.

Mwaka huo huo wa 1838 alikataa kuweka saini kwenye katiba mpya ya jimbo, ingawa alikuwa mmoja wa waliotumwa kuiandika. Katiba hiyo iliweka kwamba watu weupe peke yao ndio wanaopiga kura, na watu weusi waliokuwa wakipiga kura wakaondolewa.

Madeni ya viwanda vyake vya chuma yalimfanya ahamie Lancaster mwaka wa 1842, mji mkubwa wenye kesi nyingi. Kutoka huko alienda kwenye bunge la inchi nzima. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe aliongoza kamati ya pesa za serikali, na mwaka wa 1863 askari wa Kusini walichoma kiwanda chake cha Caledonia. Mwaka wa 1866 alikuwa kati ya viongozi waliopitisha badiliko la 14 la katiba, linalosema kila mtu aliyezaliwa Marekani chini ya sheria zake ni raia, na sheria imlinde sawa na wengine. Alitaka zaidi. Alisema anaikubali kwa sababu anaishi kati ya watu, si kati ya malaika.

Alikufa Washington tarehe 11 mwezi wa nane 1868. Mwili wake uliwekwa ndani ya jengo la bunge, ukilindwa na askari weusi. Huko Lancaster alikuwa amechagua kaburi katika makaburi madogo, kwa sababu makubwa yalikataa watu weusi, na aliagiza sababu hiyo iandikwe juu ya jiwe.

Katika wosia wake aliacha pesa za kujenga nyumba ya yatima, kwa sharti kwamba rangi, dini ao asili ya wazazi isiangaliwe, na watoto wote wale kwenye meza moja. Shule ilianzishwa Lancaster mwaka wa 1905. Leo ni chuo chenye jina lake, kinafundisha useremala, umeme, uchomeleaji na kazi nyingine za mikono, na vijana kutoka familia zisizo na uwezo wanasoma pale bila kulipa karo.