Gari la kale lililokarabatiwa: tazameni chini ya rangi

Katika matangazo ya magari ya kale yanayouzwa Uingereza, neno moja halikosekani: limekarabatiwa. Limekarabatiwa kikamilifu, limekarabatiwa toka msingi, limekarabatiwa juzi tu. Picha nazo huvutia: gari dogo la wazi, jekundu au la kijani iliyokoza, turubai limekunjwa nyuma, rimu za spoku zinametameta. Jamaa zetu walioko kule, hususan wanaume wa makamo, hutumiana picha hizo usiku na kuulizana bei. Hatuwalaumu. Ila tumeona tuandike, kwani neno hilo limebebeshwa maana nyingi mno, na tofauti baina ya maana hizo ni maelfu ya pauni, na pengine ni uhai wa aliyeketi ndani.

Tuchukue mfano wa MGB, ambalo ndilo watu wengi hukutana nalo. Gari hili lilianza kuundwa mwaka 1962 katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, na likaendelea hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1980. Herufi mbili za mwanzo zinatokana na Morris Garages, biashara ya magari ya Oxford ambako chapa hiyo ilizaliwa. Katika miaka hiyo 18 yaliundwa zaidi ya magari 500,000, ukijumlisha na yale yenye paa la bati, na sehemu kubwa yalipelekwa Marekani. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, yenye silinda nne na kabureta mbili, na huweza kulifikisha gari mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kwa zama zetu hizi si ajabu, lakini ukiwa umeketi chini karibu na lami, upepo usoni, kilomita 80 hutosha kukuridhisha.

Kwa kuwa yaliundwa mengi, vipuri vyake havina shida. Tangu mwaka 1988 hata bodi nzima mpya imekuwa ikitengenezwa kwa kutumia mashine za zamani za kiwanda. Basi mtu asitishwe na injini inayovuja oili kidogo au kabureta zinazokohoa, maana hayo fundi hodari huyamaliza kwa siku chache. Hofu iwe kwenye kutu.

Hapa tunaomba msomaji avute subira. Gari lililotangulia hili, MGA, lilikuwa na chesisi ya pekee, na bodi ikawekwa juu yake. MGB halina. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Na kwa kuwa gari la wazi halina paa la kushikamanisha mbele na nyuma, uzito wote wa kulizuia lisijikunje katikati umeachiwa mihimili miwili ya bati inayopita chini ya milango, mmoja kila upande. Kila mhimili umeundwa kwa tabaka kadhaa za bati zilizochomelewa pamoja, zikiacha uwazi ndani. Maji ya mvua na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huingia humo na kukaa. Kutu huanzia ndani na kula kuelekea nje. Siku utakapouona uvimbe juu ya rangi, kazi ya ndani imekwisha kufanyika.

Fundi mwaminifu hukata tabaka zote zilizooza. Kabla ya kukata, hufunga nondo katika nafasi ya mlango ili bodi isilegee, kisha ndipo huchomelea bati jipya. Ni kazi ya muda mrefu, na haionekani ikishapigwa rangi. Fundi wa njia ya mkato huchukua bati moja jipya la nje akalibandika juu ya lililooza, akaziba mabonde kwa ule unga mzito unaogandishwa, akapiga msasa na rangi. Yeye naye kazi yake ikishapigwa rangi haionekani, na ndiyo maana magari yote mawili huitwa kwa neno lile lile.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Aghalabu si kwa sababu ni mwizi. Ukarabati kamili wa MGB mara nyingi hugharimu zaidi ya bei litakayouzwa. Mwenye gari huanza kwa furaha, fedha zikamwishia njiani, mkewe akamuuliza gari hilo litaondoka lini uani, naye akaamua kumalizia kwa rangi. Tunamwelewa. Lakini kumwelewa hakumwondolei wajibu wa kusema anachokijua. Waliosoma fiqhi ya biashara wanajua habari ya khiyari ya aibu: anayekuta kasoro iliyofichwa ana haki ya kurudisha. Sheria ya Uingereza nayo, kwa anayenunua kwa mfanyabiashara, inampa siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro iliyokuwapo tangu awali. Anayenunua kwa mtu binafsi hana kinga hiyo. Kwa kiasi kikubwa analotegemea ni kwamba maelezo aliyopewa yawe ya kweli. Hivyo maelezo hayo yaombwe kwa maandishi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitilii maanani. Tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halikubadilishwa sana limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Watu huona hiyo ni neema. Sisi tuna shaka nayo. Gari laweza kuuzwa, kuendeshwa na kuuzwa tena bila jicho la mkaguzi kupita chini yake hata mara moja. Mwenye gari hajakatazwa kulipeleka kwa hiari, na muuzaji aliyelipeleka mwezi uliopita amekwisha kutuambia mengi juu yake mwenyewe.

Anayekwenda kutazama na achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, aipitishe taratibu sehemu ya chini ya milango na juu ya matairi. Pasiposhika, pana unga badala ya bati. Afungue milango yote miwili huku turubai likiwa limekunjwa, kisha aifunge. Mlango unaogusa fremu kwa juu, au uwazi wake ukawa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, ni dalili kwamba bodi imelegea katikati. Aombe picha zilizopigwa kazi ikiendelea, si za gari likiwa limekwisha kung'aa. Jumba la makumbusho la magari lililoko Gaydon hutoa cheti chenye rangi ya asili na namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Kilinganishwe na kadi ya gari.

Aulize pia kama viti vya valvu vimebadilishwa, kwani injini hii iliundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo Uingereza iliacha kuiuza madukani mwanzoni mwa mwaka 2000. Na asisahau kwamba ni gari la viti viwili, lisilo na mifuko ya hewa. Watoto watabaki nyumbani wakilia.

Mwisho, amwambie muuzaji mapema kwamba anataka kulikuta gari halijawashwa tangu asubuhi. Injini baridi haifichi kitu: moshi wa kwanza utaonekana, na ukifungua swichi utaisikia pampu ya petroli huko nyuma ikigonga tik tik tik hadi kabureta zijae. Akifika akaweka kiganja juu ya boneti akakuta ni ya moto, aombe kurudi kesho yake.