UFAFANUZI KUHUSU KUFUNGA MAGURUDUMU YA ZAMANI KATIKA PIKAPU MPYA

Maofisa usafirishaji, madereva na wananchi wenye pikapu wanatanabahishwa kwamba gurudumu la gari la zamani kuingia katika boliti sita za gari jipya si hoja ya kutosha ya kulitumia.

Kwanza ni breki. Pikapu nyingi mpya zina diski na kalipa kubwa zaidi, na ringi ya inchi 15 huweza kukwaruza kalipa. Gurudumu lizungushwe kwa mkono kabla ya kuteremsha jeki. Nati nazo zichunguzwe: nati bapa za ringi ya aluminiamu hazishiki ipasavyo katika ringi ya chuma yenye matundu ya umbo la pia.

Pili ni hesabu. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776. La 225/75R15 lina 718. Kwa hivyo mita iliyokuwa sahihi ikionesha kilomita 80 kwa saa, mwendo halisi ni 74. Na kilomita 100 zinazoandikwa katika kitabu cha safari ni kama 93 tu. Upotevu wa mafuta hufichika, na siku magurudumu ya asili yatakaporudishwa, dereva mwaminifu ataonekana ameongeza matumizi.

Tatu ni mzigo. Tarakimu ya uwezo iliyopigwa ubavuni mwa tairi isipungue ile inayotakiwa na mtengenezaji wa gari.

Aidha, vipenyo viwili visichanganywe: gari likivutwa kwa magurudumu manne katika barabara kavu, gia huumia. Tairi la akiba nalo lilingane na mengine.