Ufunguo Unakaa kwa Nani? Namna ya kuchagua programu ya kuingia masini ya mbali



Wengi kati yetu tuliosoma informatiki tunaanza kazi kwa mlango mmoja: kusaidia watu wanaotumia masini. Mtu wa gishe anapiga simu kutoka Likasi ao Kasumbalesa: "Yaya, masini inakatala kabisa, na watu banangoja." Wewe uko Lubumbashi. Kufunga safari mpaka kule juu ya kosa la dakika tano, ile si kazi, ni hasara. Ndiyo maana kila timu ya usaidizi inatafuta programu ya kuingia masini ya mbali: unaona skrini yake kwako, unatengeneza, unatoka.

Wadogo wananiuliza mara nyingi: "Kati ya TeamViewer na AnyDesk, gani inapita ingine?" Mimi naona swali lile linakuja nyuma. La kwanza ni hili: ufunguo unakaa kwa nani? Juu programu ya namna hii ni mlango mnaotoboa kwenye nyumba ya watu, nyumba yenye pesa, majina ya wagonjwa ao mishahara. Kabla ya kusifu mlango kwamba unafunguka mbio, uliza nani ataufungua, na nani atajua kwamba ulifunguka.

Namna inavyofanya kazi

Masini nyingi za kwetu zinaingia intaneti kwa modemu ya kampuni ya simu, na kampuni ile inaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo masini yako haiwezi kuita ile ya Likasi moja kwa moja. TeamViewer, AnyDesk na RustDesk zinapita kwa njia hii: masini zote mbili zinasalimia seva ya katikati, seva inazikutanisha. Kama inawezekana, zinaendelea kuongea zenyewe. Kama haiwezekani, kila kitu kinapita kwenye seva ya katikati mpaka mwisho wa kazi.

Hapa iko jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kama seva ya katikati iko Ulaya, picha ya skrini inatoka Likasi, inaenda Ulaya, kiisha inarudi Lubumbashi. Unabonyeza, unangoja. Kama tawi linatumia satelaiti ya zamani, ile inayokaa juu kilometa karibu 36,000, hali ni ngumu zaidi: kwenda na kurudi tu kunakula karibu nusu sekunde, hata programu iwe nzuri namna gani. Basi usilaumu programu mbio. Angalia kwanza njia inayopita. Kiisha punguza rangi, ondoa picha ya nyuma ya skrini, shusha ubora wa picha. Mega zitabaki, na kazi itaenda.

Zamu nne za kuuliza

Ya kwanza: nani anakubali uingie? Kuna kuingia mtu akiwa pale, anakupa namba na anabonyeza "nakubali". Na kuna kuingia masini ikiwa peke yake, usiku, kwa nenosiri lililowekwa mbele. Ya pili ni ya lazima kwa seva na kwa kazi za usiku, lakini ndiyo yenye hatari. Kwa masini ya mfanyakazi wa kawaida, chagua programu inayomuomba ruhusa kila mara.

Ya pili: seva ya katikati ni ya nani? Kama ni ya kampuni ya nje, usalama wako umefungwa pamoja na wao. Mwezi wa pili 2024, AnyDesk walitangaza kwamba seva zao ziliingiliwa, na wakaomba wateja kubadilisha manenosiri. Mwezi wa sita mwaka ule ule, TeamViewer walitangaza kwamba mtandao wa ndani wa ofisi zao uliingiliwa. Walisema masini za wateja hazikuguswa. Sisemi tuzikimbie. Nasema hata wakubwa wanabishiwa mlango.

Mfano unaopita yote ni wa mwezi wa saba 2021. Wezi wa mtandao walipita kwenye programu ya kampuni ya Kaseya, inayotumiwa na timu za usaidizi kusimamia masini za wateja wao. Kule Uswidi, maduka ya Coop karibu 800 yalifunga milango juu masini za kulipia zilikufa. Na Coop hawakuwa hata wateja wa Kaseya. Ni kampuni iliyokuwa inawahudumia ndiyo ilikuwa inatumia programu ile. Mlango wa fundi ulikuwa mlango wa duka.

Ya tatu: nini kinaandikwa? Daftari ya vikao lazima ionyeshe nani aliingia, kwenye masini gani, saa gani, mpaka saa gani. Nitarudi kwa hii.

Ya nne: bei inahesabiwa namna gani? Kampuni zingine zinahesabu mafundi, zingine masini, zingine vikao vya wakati mmoja. Timu ya mafundi watatu wenye masini 200 na timu ya mafundi kumi wenye masini 40 hazitapata bei moja. Na "bule" usome vizuri: TeamViewer na AnyDesk ni za bule kwa matumizi ya nyumbani, si kwa kazi ya kampuni. Programu ikihisi kwamba ni kazi, inakata kikao, na itakata paka siku ile patron amesimama nyuma yako.

Daftari inakulinda wewe pia

Sasa niseme kitu ambacho karatasi za matangazo hazisemi. Nilishuhudia kampuni moja, jina naliacha, yenye mafundi wanne waliokuwa wanatumia akaunti moja na nenosiri moja, juu leseni ya mtu mmoja ilikuwa bei ndogo. Siku moja hesabu ya gishe ikakosa kulingana na pesa ya kwenye sanduku. Wakafungua daftari: kweli, mtu aliingia kwenye masini ile usiku. Nani? Daftari ilijua jina moja tu, la akaunti ya wote. Wote wanne wakasimamishwa. Mmoja wao alikuwa na miezi miwili tu kazini tangu apate diploma. Hakuna aliyeweza kusema "si mimi" na kuonyesha karatasi.

Ndugu yangu, ukipewa kazi ya usaidizi, umepewa uwezo wa kuingia kwenye sanduku la watu. Pesa ikikosa, macho ya kwanza yatageukia kwako, sababu wewe ni mupya na wewe ndiye unajua masini. Akaunti yako peke yako, uthibitisho wa pili kwenye simu yako, na daftari isiyofutika na mafundi: vile vitatu ni shahidi wako. Usiviombe kama mapambo. Uviombe kama mkataba.

Hata sheria iko. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inagusa pia ulinzi wa habari za watu binafsi. Kampuni inayoacha mlango wazi haiwezi kusema ni mambo ya mafundi tu.

Basi tuchukue gani?

Kama masini ni za Windows na unasaidia mtu aliye mbele ya skrini, anza na Quick Assist ya Microsoft. Haina daftari nzito, lakini haiingii bila mwenyewe kukubali. Lakini fundisha watu: mwezi wa tano 2024 Microsoft walionya kwamba wezi wanapiga simu, wanajifanya timu ya usaidizi, kiisha wanaomba kuingia kwa Quick Assist. Kanuni iwe moja: mtu akipigiwa na "fundi", akate simu, apige mwenyewe kwenye namba ya timu anayoijua.

Kama mko na VPN inayounganisha matawi, njia ya Windows yenyewe, RDP, inatosha kwa masini za Windows Pro. Windows Home haipokei. Ila usifungue mlango wake, namba 3389, kwenye intaneti moja kwa moja. Mwaka 2019 kasoro ya BlueKeep ilionyesha kwamba Windows za zamani, kama Windows 7, zingeweza kuingiliwa pale bila hata nenosiri.

Kama pesa ni kidogo na mko na mtu anayejua Linux, mnaweza kuweka seva yenu ya katikati. RustDesk ni nyepesi na codi yake iko wazi, lakini daftari ya vikao iko kwenye seva yake ya kulipia. MeshCentral, nayo codi wazi, inatoa akaunti ya kila fundi, vikundi vya masini, kuomba ruhusa na daftari, bila leseni ya kulipa. Lakini "bila leseni" si "bila gharama": seva inataka umeme usiokatika, nakala ya akiba, na mtu wa kuiongezea marekebisho. Umeme ukikatika pale seva iko, matawi yote yanabaki bila fundi.

Kama mnaweza kulipa, lipeni programu kubwa, lakini kiisha kuijaribu juma nzima kwenye matawi mawili yenye mtandao mbaya. Zima modemu katikati ya kikao: kinarudi chenyewe? Masini ikijizima na kuwaka tena, unaiona bado? Dirisha la Windows la kuomba ruhusa ya msimamizi likitokea, unaliona ao skrini inakuwa nyeusi? Na klavye: fundi eko na QWERTY, gishe eko na AZERTY; andika nenosiri lenye alama na namba uone kama linafika sawa.

Mwisho, kabla ya kusaini kitu chochote, mwandikie patron karatasi moja yenye mistari mitatu: nani atashika ufunguo, nani atasoma daftari kila mwezi, na nani atafunga akaunti siku fundi anaacha kazi. Kama majina matatu hayajapatikana, programu ya bei yoyote haitasaidia. Yakipatikana, hata programu ndogo itafanya kazi kubwa.

Ninyi mlio kwenye kazi hii, timu yenu inatumia gani, na nani anasoma daftari? Andikeni hapa chini, wadogo wetu wanaotafuta staji watajifunza.