Maneno Yaliyojificha Ndani ya Kaole

Mpe mwanafunzi herufi tano, K, A, O, L na E, umwambie atoe maneno ya Kiingereza yanayoweza kuundwa kwazo. Ni herufi za Kaole, mahali penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, kusini ya mji wa Bagamoyo. Wengi watazipindua ovyo, wapate neno moja au mawili, kisha wakwame. Hapo huambiwa msamiati wao ni mdogo. Naamini mara nyingi kinachopungua ni njia, na njia hiyo ilijulikana karne nyingi kabla ya kompyuta.

Tuanze na hesabu. Herufi tano zisizojirudia hupangika kwa namna 120. Ukichukua BAGAMOYO, yenye herufi nane, A mara mbili na O mara mbili, mipangilio hufika 10,080. Hakuna atakayeipitia yote kichwani, wala hapaswi.

Katika karne ya 8 huko Basra, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni mwenye asili ya Omani, alilikabili suala hilihili. Alipoandaa Kitab al-Ayn, kamusi ya mwanzo kabisa ya Kiarabu, alichukua herufi za mzizi na kuzigeuza kila upande: tatu hutoa mipangilio 6, nne 24, tano 120. Mipangilio yote ya kundi moja la herufi aliiweka mahali pamoja, akabainisha ipi inatumika katika lugha na ipi imeachwa. Namheshimu sana kwa hilo. Alitambua kwamba kundi la herufi ni anwani, na maneno ni wakazi wake.

Programu za leo zinafuata wazo la jamii hiyo. Chukua neno la Kiingereza lake, yaani ziwa, uziandike herufi zake kwa mpangilio wa alfabeti: AEKL. Fanya hivyo kwa leak, kuvuja: AEKL. Kale, mboga ya majani ya jamii moja na sukuma wiki, nayo ni AEKL. Maneno matatu, ufunguo mmoja. Programu huandaa mapema ufunguo wa kila neno lililomo katika orodha yake, kwa hiyo ukiipa herufi zako inazipanga tu na kufungua mlango unaohusika.

Bila kompyuta, ficha herufi moja baada ya nyingine. Ukificha O unabaki na AEKL tuliyoiona. Ukificha K unabaki na AELO, unapata aloe, mshubiri. Halafu ficha mbili mbili: yatatokea oak, elk na ale. Makundi ya herufi nne ni matano, ya herufi tatu ni kumi, basi. Kazi iliyotisha sasa inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ila hesabu idadi ya kila herufi: koala haikubaliki, kwa kuwa inadai A mbili na Kaole ina moja. Kwa Kiswahili koleo nalo litakataliwa, maana linataka O mbili.

Msomaji wa pwani ana mtego wake. Akiona lake au kale, jicho lake linasoma Kiswahili kwanza, na anaweza kuyapita akidhani si Kiingereza. Pia amezoea maneno yanayoishia na irabu, kwa hiyo leak na oak hazimjii upesi. Kiswahili, tofauti na Kiingereza, humsaidia sana mtafutaji. Kati ya mipangilio 120 ya KAOLE, inayoishia na irabu ni 72. Ondoa ile ambayo K na L zimegusana, inabaki 36, na yote inatamkika. Kiingereza hakina huruma hiyo. Huko inabidi ujue mazoea yake: E ya mwisho isiyosikika, kama katika lake, E na A zinazokaa pamoja, kama katika leak, L inayotangulia K, kama katika elk.

Upande mwingine wa mazoea hayo, yaani wingi wa kila herufi, ndio alioupima Mmarekani Alfred Butts alipobuni mchezo wa Scrabble katika miaka ya 1930, kwa kuhesabu herufi kwenye magazeti. Seti ya Kiingereza ina vibao 100. E ni 12, K ni kimoja tu. Jaribu kuandika kikombe kwa seti hiyo! Lugha yetu inadai K nyingi na haina haja na Q wala X.

Kuna tofauti nzito zaidi. Orodha ya maneno ya Kiingereza inaweza kufungwa ndani ya kitabu, lakini kitenzi cha Kiswahili huzaa bila kukoma. Rudi kwenye BAGAMOYO. Kamusi itakupa boma, boya, mboga, gamba, moyo na bomoa. Ukiongeza wingi unapata mabao na maboga. Lakini "mvua yabomoa kuta" ni Kiswahili safi, na yabomoa hutumia herufi saba kati ya nane. Ni G pekee inayobaki. Programu yenye vidahizo vitupu italikosa neno hilo. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 ilikusanya maneno chini ya mizizi yake, mpishi ukamtafute kwenye pika, na mtunga programu wa Kiswahili hana budi kufikiri hivyo: aifundishe mashine mizizi na viambishi, si orodha peke yake.

Walimu wa Kiingereza wa Bagamoyo, Saadani na Pangani, nawaomba muanze na majina ya mahali wanafunzi wanapoishi, na simu zikae kando mpaka ukurasa ujae. PANGANI inafaa sana. Kiswahili kina nanga, pinga, pigana na angani. Kiingereza kina pain, gain, pagan na again, na mengine bado yamo.