Kuzipima Khabari za Tovuti



Siku hizi wengi wetu, na zaidi watoto wetu, hutafuta khabari kwa simu: bei, mvua, miche na dawa za mimea. Hili ni jambo jema. Lakini mnunuzi wa karafuu haridhiki na zile zilizo juu ya gunia; hutia mkono ndani akatazama makonyo na unyevu. Nasi yatupasa kuipima tovuti vivyo hivyo, maana mwenye kuamini kila andiko aweza kupoteza fedha za msimu mzima.

Na tuchukue mfano wa Bariadi, kwa wenzetu wakulima wa pamba.

Kwanza, tazama tarehe. Ukurasa ulioandikwa mwaka 2010 utakuambia kuwa Bariadi imo katika Mkoa wa Shinyanga. Mwandishi hakusema uongo; Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ndiyo makao makuu yake. Wakati huo Itilima nayo ilitengwa na Bariadi ikawa wilaya. Kwa hiyo hesabu za Bariadi ya zamani hazilingani na za sasa, kwa kuwa mipaka si ile ile.

Pili, uliza hesabu imetoka wapi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika Simiyu, na ya mwaka 2022 watu 2,140,497. Tovuti itoayo tarakimu bila ya mwaka wala asili yake isitegemewe.

Tatu, mjue mwenyewe. Jina la tovuti linaloishia na .go.tz ni la Serikali, wala hapewi mtu binafsi. La Mkoa huo ni simiyu.go.tz. Lakini maneno hayo yakiwa katikati, na jina likaishia na .com, hiyo si ya Serikali. Wala usidanganywe na alama ya kufuli. Maana yake ni kuwa unachokipeleka hakisomwi njiani; haisemi kuwa anayekipokea ni mwaminifu.

Nne, tazama kusudi lake. Mwenye kuuza dawa hana budi kuisifu. Tafuta shahidi wa pili asiyefaidika na mauzo hayo. Na tovuti kumi zilizonakili maneno yale yale ni shahidi mmoja tu.

Kwa khabari ya bei, mkulima wa pamba huuliza Bodi ya Pamba; sisi tuulize Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC.

Mwisho, tovuti ikikutaka upeleke fedha kwanza, au utoe namba yako ya siri, usifanye haraka. Mwonyeshe mtu unayemwamini, au njoo ofisini tutazame pamoja. Kuuliza hakugharimu kitu, bali fedha iliyokwisha pelekwa ni taabu kurudi.