Somo la Profesa Mungai kwa shule zetu za udaktari

Kila nirudipo nyumbani Kiptere wakati wa likizo, wanafunzi wa shule za upili hunijia uani na swali lile lile: nifanye nini nipate kuwa daktari? Wazazi wao, ambao aghalabu huamka alfajiri kuchuma majani chai, husimama kando wakingojea jibu. Ninapowauliza vijana hao wanatamani nini katika udaktari, hutaja koti jeupe, gari na mshahara. Ni nadra sana kumsikia mmoja wao akisema angependa kuwafundisha madaktari wengine.

Ndiposa leo naomba tumkumbuke marehemu Profesa Joseph Maina Mungai. Alisomea udaktari Makerere wakati ambapo Mulago ndipo mahali pekee palipofundishiwa madaktari katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye alijikita katika anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha London. Kenya ilipofungua shule yake ya udaktari mjini Nairobi mwaka 1967, miaka minne tu baada ya uhuru, nchi ilihitaji walimu kama inavyohitaji ardhi mvua. Mungai alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuitikia mwito huo. Alikuwa profesa wa anatomia, kisha mkuu wa kitivo cha udaktari, na kuanzia 1979 hadi 1985 akawa Makamu wa Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipotoka hapo alikuwa Katibu wa Tume ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1985. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 2002, ambacho anwani yake inamtaja kuwa ni mtoto mchunga mifugo.

Wapo watakaosema kwamba daktari aendaye kukaa ofisini amewakimbia wagonjwa. Siafikiani nao. Daktari wa anatomia huenda asiandike cheti cha dawa mwaka mzima, lakini kila mpasuaji aliyepita mikononi mwake hushika kisu akijua mshipa upo wapi kwa sababu mwalimu huyo alimwonyesha. Mgonjwa wa Kericho au wa Bomet anayepona hamjui mwalimu huyo, wala hatamshukuru kamwe. Hiyo ndiyo hali ya ualimu, nanyi walimu wenzangu mnaielewa vyema.

Wala uongozi wenyewe haukuwa starehe. Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, na zaidi ya mwaka mmoja ukapita kabla ya masomo kurejea. Sidai kwamba kiongozi yeyote wa chuo katika siku zile angeweza kuiridhisha serikali, wanafunzi na wahadhiri kwa pamoja. Ninalosema ni kwamba aliyezoea utulivu wa chumba cha anatomia alikubali kubeba mzigo ambao wengi wangeuepa.

Mimi ni mtu wa isimu, na huenda msomaji akajiuliza yanihusu nini mambo ya matabibu. Yananihusu kwa sababu anatomia, kabla ya kuwa elimu ya kisu, ni elimu ya majina. Mwanafunzi hujifunza maelfu ya maneno yenye asili ya Kilatini na Kiyunani ili asikichanganye kiungo hiki na kile. Hayo ni mema. Lakini je, nani humfundisha majina ambayo mgonjwa mwenyewe huyatumia?

Nikiwa mvulana wa darasa la sita nilimsindikiza nyanya yangu, kogo, kwenye zahanati moja. Mganga hakujua Kikipsigis, naye kogo hakujua Kiswahili. Mkalimani nikawa mimi. Kogo alieleza kwamba moyo unamuunguza, hasa usiku. Nami, kwa kujivunia Kiingereza changu, nikamwambia mganga kuwa mama huyu ana ugonjwa wa moyo. Tulitumwa hospitali kubwa. Baba aliuza ndama ili kogo apigwe picha na kupimwa. Moyo ulikuwa mzima kabisa. Kogo alikuwa na kiungulia. Hata katika Kiswahili, mtu asemapo moyo unamuuma yamkini ana huzuni, au maumivu ya kifua, au chango la tumbo. Kosa lilikuwa langu, wala sijalisahau. Lakini uhai wa mtu mzima haukustahili kutegemea msamiati wa mtoto wa darasa la sita.

Tangu mwaka 2013 huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti, na daktari aliyesomea Nairobi au Eldoret anaweza kuajiriwa popote. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inaitaka serikali kuzikuza lugha za kienyeji. Huko Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Vifaa basi vipo vya kuanzia.

Pendekezo langu ni hili. Kila shule ya udaktari nchini imtahini mwanafunzi katika kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili, bila kuchanganya ndimi, kabla ya kumpa shahada. Pia imfunze namna ya kumtumia mkalimani na kuuliza swali la pili: unaposema moyo, nionyeshe kwa kidole ni wapi. Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na msemo huo unamhusu daktari kuliko mtu yeyote.

Nanyi wanafunzi wa Kiptere, someni sayansi kwa bidii, lakini msiidharau lugha ya kogo. Na mmoja wenu, akishahitimu, akumbuke kwamba kuna wagonjwa ambao huwafikia tu kwa kurudi darasani kufundisha.